Kwa Nini Risasi za Sir Faris Zilipanda

Mliobaki kwenye karakana mmeniomba niandike kitu kabla sijasahau. Nimestaafu mwezi uliopita na sijasahau chochote, lakini mmeomba kwa adabu, kwa hiyo naandika. Habari za vyeo na mishahara sitaziweka humu. Anayezitaka aende ofisini akaulize, nao watakataa kumwambia, kama walivyonikatalia mimi. Nitaandika juu ya meza, vyombo, mtu aliyenifundisha, na kesi moja ambayo nusura imtoe mtu huyo mjini.

Kwa watakaosoma bila kuijua kazi yetu, nieleze kidogo. Risasi za dukani hutengenezwa zifae bunduki zote za aina moja, na kwa sababu hiyo hakuna bunduki inayozipenda hasa. Mtu anayepiga shabaha ya mbali, anayetaka risasi tano ziangukie mahali panapofunikwa na kiganja, hutaka risasi zilizopakiwa kwa mkono kwa ajili ya bunduki yake peke yake. Klabu yetu ilikuwa na kibali cha kufanya hivyo, na sisi ndio tuliozipakia. Risasi nzima ina vitu vinne tu: ganda la shaba, fataki ndogo inayokaa kitakoni mwa ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa kinachoruka. Baada ya kupiga, ganda hubaki, na unaweza kulitumia tena. Ukisikia vitu vinne unaweza kudhani ni kazi fupi. Mimi nilidhani hivyo kwa muda wa siku moja.

Nilikuja Dubai kutoka Singida kufanya kazi ghalani, kwenye kampuni ya mizigo pale Freezone ya uwanja wa ndege. Nilipima vifurushi. Nilikuwa na tabia ya kupima kila kifurushi mara mbili, na vipimo vikitofautiana, mara ya tatu. Msimamizi hakuipenda tabia hiyo. Siku moja mmoja wa wenye kampuni, arbab ambaye tulimwona mara chache, alisimama nyuma yangu akauliza kwa nini napima kitu kilichokwisha kupimwa. Nikamwambia mizani ilisogezwa asubuhi wakati wa kufagia, na sijui kama sakafu ya pale ilipowekwa ni sawa. Akaitikia kwa kichwa akaondoka. Nilijua nimefukuzwa. Kumbe alikuwa mwanachama wa klabu ya shabaha, na klabu ilikuwa inatafuta mtu wa kumsaidia Mzee Nassor.

Mzee Nassor alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai na wazazi wake akiwa mdogo, na alikuwa amekaa mtaa wa Rashidiya muda mrefu kuliko majengo mengi ya Rashidiya. Alikuwa mwembamba, kanzu yake imepigwa pasi hata siku ambayo alijua ataishika grisi, na alikuwa na meza moja ndefu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuweka kitu juu yake, hata simu, hata kiwiko. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, akanisukumia ndoo ya maganda matupu yaliyookotwa uwanjani.

"Yatenge," alisema.

"Niyatenge vipi, Mzee?"

"Hilo ndilo nililokuitia. Nenda kayatenge."

Niliyatenga yanayong'aa upande huu na yaliyofubaa upande ule. Jioni alikuja, akatazama, akayarudisha yote kwenye ndoo.

"Umechagua kama mtu anayenunua nyanya," alisema. "Kesho tena."

Siku ya pili niligundua kwamba kitakoni mwa kila ganda kuna herufi za kiwanda, nikayatenga kwa herufi. Akakubali kwa kichwa, kisha akayarudisha ndooni. Siku ya tatu nilianza kuyapima uzito, nikaona kwamba hata ya kiwanda kimoja hayalingani, na lenye uzito zaidi lina ukuta mnene zaidi, kwa hiyo nafasi ndani yake ni ndogo, kwa hiyo kipimo kilekile cha baruti kitabanwa zaidi. Hili la mwisho sikulijua mwenyewe. Nililiuliza, na nadhani swali hilo ndilo lililonipa kazi. Mzee Nassor hakuyarudisha maganda ndooni siku hiyo. Alivuta kiti cha pili.

Mizani yetu ya wakati ule ilikuwa ya mkono wa shaba, ile inayolala na kuinuka kama pumzi. Wiki ya kwanza ilinitesa. Napima baruti, inasoma sawa. Napima ileile tena, imezidi. Baada ya kitambo imerudi. Nilisafisha visu vyake, yaani makali ambayo mkono wake hulalia, nilisawazisha meza kwa vipande vya karatasi, nilivua saa mkononi nikidhani ina sumaku. Mwishowe nikaanza kuandika dakika ambayo mizani inadanganya. Baada ya siku mbili za kuandika niliona kwamba inadanganya kwa zamu, na zamu hizo ni zile za ac kuwaka na kuzima. Tundu la hewa lilikuwa upande mwingine kabisa wa chumba. Upepo wake hata karatasi haukuipeperusha, lakini mizani iliusikia.

Nilimwambia Mzee Nassor kwa furaha. Akainama, akatoa chini ya meza sanduku la kioo lililokuwa la samaki wa binti yake, akaifunika mizani kama anavyofunikwa mgonjwa.

"Ulikuwa nalo siku zote?"

"Nilikuwa nalo."

"Mbona hukuniambia, Mzee?"

"Ningekwambia ungesema ndiyo Mzee, ukasahau. Sasa utasahau?"

Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma maandishi ya makatoni. Nilikisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa siku, kwenye basi la wafanyakazi kwenda na kurudi. Nilinunua daftari nikalipigia mistari: tarehe, ganda, baruti, kipimo, urefu wa risasi nzima, hali ya chumba, yaliyotokea uwanjani. Mzee Nassor hakuandika. Yake yote alikuwa nayo kichwani, na kichwa hicho sikuwahi kukikamata kimekosea. Alinitania sana kwa daftari lile. "Gervasi," aliniuliza mara moja mbele ya wageni, "hiki kikombe cha chai nacho umekiandikia?" Nilikuwa nimekiandikia, kwa kweli, kwa sababu kilikuwa kimemwagikia ukurasa.

Sheria zake nne mnazijua, maana nimewachosha nazo. Baruti ya aina moja tu mezani, nyingine zote zimefungwa stoo. Ukisemeshwa katikati ya kujaza, unamwaga trei nzima na kuanza upya, hata aliyekusemesha akiwa madam wa ofisini. Kila ganda lililojazwa linamulikwa kwa tochi kabla ya kufungwa. Na kipimo hakiongezwi kwa sababu mteja anataka kasi. Ya mwisho aliisema kwa sauti tofauti. Baruti ikipungua kidogo, risasi inaanguka chini ya shabaha na mtu anakasirika. Ikizidi, ganda linaweza kupasuka umbali wa kiganja kutoka kwenye jicho lake.

Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, na kwa kuwa haikuleta hadithi, sina la kuisimulia. Sasa nije kwenye kesi.

Mwanachama mmoja, ambaye nitamwita Sir Faris, aliishi Mirdif na alipiga masafa ya mita mia sita. Alikuwa mpigaji mzuri kweli, mtulivu, asiyelaumu upepo. Msimu wote wa baridi risasi zetu zilikaa kwenye karatasi yake kama zimewekwa kwa mkono. Joto lilipoanza kupanda, zikaanza kuharibika, tena kwa namna ya ajabu: hazikwenda kushoto wala kulia. Zilijipanga wima, moja juu ya nyingine, kutoka chini ya duara hadi juu yake. Kushoto na kulia ni upepo na kidole. Juu na chini, kwa kawaida, ni kasi ya risasi, na kasi inatoka kwenye baruti. Baruti ni mezani kwetu, na baruti ya Sir Faris ilipimwa na Mzee Nassor mwenyewe.

Madam Rania, meneja wetu, mwanamke wa Beirut asiyependa maneno mengi, alikuja karakana akatuangalia tukinywa chai. Akarudi zake. Baadaye aliniita ofisini.

"Umeona mikono yake?" aliuliza.

Nilikuwa nimeiona. Kikombe cha Mzee Nassor kilikuwa kinagonga kisahani. Kilikuwa kinagonga tangu mwaka uliopita.

"Anapopima hushikilia kifundo cha mkono juu ya meza, madam. Haitetemeki."

"Mashindano ya klabu ni baada ya wiki tatu. Sir Faris ameniambia risasi zikiwa hivi atahama, na wenzake watamfuata. Kama kosa ni la mezani, Mzee Nassor atapumzika. Nitamwandalia karamu nzuri."

Nikamwuliza kama anajua kwamba kibali cha kuishi cha Mzee Nassor kimefungwa kwenye kazi ile. Binti yake, wajukuu wake, msikiti wake, vyote viko hapa, na huko Unguja hana hata chumba. Alisema anajua. Alisema pia, na nikamheshimu kwa kulisema, kwamba hawezi kumwacha mtu anayetetemeka ajaze baruti kwa sababu ana wajukuu.

"Nipe hizo wiki tatu," nilisema.

"Nakupa mbili."

Sikumficha Mzee Nassor. Alisikiliza, akafuta miwani, akasema, "Basi tafuta. Lakini usitafute kunisaidia. Tafuta tu."

Nilianza na palipo karibu. Nilichukua risasi kumi zilizobaki kwenye kundi lile lililomharibikia Sir Faris, nikang'oa vichwa, nikapima baruti ya kila moja. Tisa zilikuwa sawasawa. Ya saba ilikuwa imezidi, kidogo sana, kiasi ambacho kwa mita mia sita kisingesogeza risasi hata upana wa kidole. Haikuwa jibu la swali langu. Niliiandika daftarini, nikafunga daftari, na sikumwambia mtu. Nalisema hili sasa kwa sababu daftari mnalo na mtaliona.

Baada ya hapo nikapiga mwenyewe, kwa ruhusa, risasi ishirini za kundi lilelile kutoka bunduki ya klabu. Zilikaa pamoja. Sir Faris akakubali nipige kwa bunduki yake. Zilikaa pamoja tena. Nikamwomba yeye apige kwa bunduki yake risasi nilizozitoa mkononi mwangu dakika ileile. Zilikaa pamoja kuliko zangu, jambo ambalo halikumshangaza. Kwa hiyo risasi zilikuwa nzima, bunduki nzima, na mtu mzima. Siku mbili baadaye alikuja na boksi lake alilolichukua kwetu wiki iliyotangulia, akapiga, zikajipanga wima.

Nakiri kwamba hapo nilianza kufurahi. Sikufurahia yaliyokuwa yakimsubiri Mzee. Nilifurahi kwa sababu kitu kinachokosea kwa utaratibu kinaweza kukamatwa.

Nilichogundua kwanza ni kwamba sote tulikuwa tukiangalia karatasi baada ya risasi kumi, wakati matundu yote yamekwisha kutoboka. Hakuna aliyejua lipi lilitangulia. Nikamwomba Sir Faris ruhusa ya kukaa kwenye darubini na kuandika kila risasi kwa namba yake. Alipiga kumi, polepole, akiacha mtutu upoe kila baada ya risasi moja ili asije mtu akasema ni joto la mtutu. Ya kwanza iligonga chini kabisa. Ya pili juu yake. Ya tatu juu ya pili. Zilipanda kama mtu anayepanda ngazi, hadi ya saba, kisha zikatulia pale juu. Alipofungua kumi nyingine zikaanza tena kutoka chini.

"Hii haijawahi kunitokea," alisema Sir Faris, akiinuka. Hasira ilikuwa imemtoka. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kujua, na kuanzia hapo tulikuwa wawili.

"Sir, hizi kumi zilikuwa wapi kabla ya kuja mezani?"

"Kwenye gari. Kwa Otieno."

Otieno alikuwa dereva wake, Mkenya wa Kisumu, mtu wa vichekesho, aliyemleta kila alipokuja na kukaa kivulini hadi tumalize. Nilimkuta nyuma ya gari, mlango umefunguliwa. Mbele yake kulikuwa na kuliboksi kubwa la bluu, lile sanduku la kutunzia vinywaji baridi. Alikuwa anatoa chupa ya laban, maziwa ya mgando ya Kiarabu, na chini ya laban, juu ya barafu, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, kulikuwa na boksi letu.

Nilisimama. Yeye akaniangalia, akaliangalia boksi.

"Vipi, buda? Unataka laban?"

"Otieno, hizi risasi zinakaa humo?"

"Tangu jua lianze kuwa kali. Natoa kumi kumi, naweka kwa meza ya boss. Nimezifunga na nailoni double, maji haiwezi ingia. Mimi si mjinga."

"Nani alikuambia uziweke kwenye barafu?"

Alicheka, akidhani namtania. Kisha akalitoa boksi, akaligeuza, akaweka kidole kwenye lebo.

"Si ni nyinyi? Soma hapo. Kiarabu, Kizungu, Kiswahili. Zote zinasema niweke baridi. Ati nani ameniambia! Wewe ndio umeandika, bro, na mwandiko wako naujua."

Mwandiko ulikuwa wangu. Joto lilipoanza nilikuwa nimesoma kwamba baruti hubadilika kwa joto: ikiwa moto huungua haraka na kuisukuma risasi kwa kasi zaidi, ikiwa baridi huungua polepole. Nikaona ni busara kuwaonya wanachama wasiache maboksi juani ndani ya magari. Nikaandika lebo kwa lugha tatu: HIFADHI MAHALI PA BARIDI. Nilijivunia hasa ile ya Kiarabu. Mzee Nassor aliposoma aliniuliza, "Baridi ya kiasi gani, Gervasi? Ya sebuleni au ya friza?" Nikasema kila mtu ataelewa. Mimi, mtu wa kuandika hata chai iliyomwagika, niliandika lebo bila kipimo. Na ni dereva mmoja tu mjini aliyeitii kwa moyo wote, kwa sababu alimpenda bosi wake na alijali kazi yake.

Kilichobaki kilikuwa rahisi. Risasi kumi zikitoka kwenye barafu na kuwekwa juu ya meza ya chuma iliyochomwa na jua, ya kwanza inaingia bunduki ikiwa bado baridi, ya pili imepata moto kidogo, na hivyo hivyo, hadi ya saba ambayo imefika kwenye joto la meza na haina pa kupanda zaidi. Niliomba mashine ya kupima mwendo wa risasi, nikapiga tano za barafu na tano za juani. Tofauti ilikuwa kubwa hata Otieno, aliyesimama nyuma yangu, alipiga mluzi.

"Kwa hiyo ni mimi nimemharibia boss?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni mimi," nilisema. "Wewe umesoma tu."

Nilikwenda kwa Madam Rania saa hiyohiyo, kwa sababu nilijijua: ningelala nalo ningeamka na maneno mazuri ya kujitetea. Nilimwekea mezani karatasi yenye namba, vipimo vya kasi, na lebo. Alisoma vyote vitatu, akarudi kwenye lebo.

"Umeiandika wewe."

"Ndiyo, madam."

"Mzee Nassor hakuiona?"

"Aliiona. Aliniuliza swali ambalo ningelijibu tusingekuwa hapa."

Alichukua simu. Akampigia Sir Faris mbele yangu. Nilimsikia Sir Faris kwenye simu akicheka hadi akakohoa, kisha akasema kwamba amebadilisha darubini mbili za bunduki miezi hii, na hilo halimchekeshi. Baadaye aliniambia nimlipe kwa kumpakia mwenyewe risasi za mashindano. Madam alikata simu, akaniambia niandike lebo mpya yenye namba za joto, chini na juu, na nimpelekee kabla haijabandikwa popote. Hilo ndilo karipio lote nililopata, na hadi leo kila lebo yetu hupita mezani kwake.

"Na Mzee Nassor?" niliuliza.

"Kosa halikuwa la mezani," alisema. "Abaki."

Nilirudi karakana mbio kama mtoto. Mzee Nassor alikuwa amekaa kwenye kiti chake, miwani puani, na daftari langu limefunguliwa mbele yake. Hakuwahi kulisoma kabla ya siku hiyo.

"Mzee, khalas, imekwisha! Madam amesema ubaki."

"Ya barafu nimesikia. Otieno kapita hapa kunieleza, kalia, kacheka, kaniachia laban." Akaweka kidole kwenye ukurasa. Kidole kilitetemeka, naye hakukificha. "Na hii ya saba, kati ya zile kumi ulizong'oa?"

Nilisema ni tofauti ndogo. Nilisema haisogezi risasi hata upana wa kidole.

"Sikuulizi imesogeza nini. Nakuuliza imezidi au imepungua?"

"Imezidi."

"Na ulimwambia nani?"

"Hakuna, Mzee."

"Gervasi," alisema, bila ukali wowote, "nilikwambia usitafute kunisaidia."

Kesho yake alimwomba Madam Rania aje karakana. Alitaka tupime vipimo thelathini yeye na thelathini mimi, kwa mizani ileile chini ya kioo, kila kimoja kwenye kikombe kidogo. Madam angevipa namba na kuvichanganya, orodha ya namba zipi ni za nani akae nayo yeye, kisha vipimwe vyote kwenye mizani ya umeme tuliyokuwa tumeipata mwaka ule. Nilimwambia haina haja, jambo limekwisha. Alisema lililokwisha ni la Sir Faris.

Tulipima asubuhi nzima bila kusemezana. Nilimwona akiweka kifundo mezani, akisubiri, akishusha punje kwa kijiko, akisubiri tena. Kama kuna siku aliyofanya kazi ile kwa makini zaidi, mimi sikuwepo. Madam alivichanganya vikombe, nami nikavipima kwenye ya umeme nikisoma namba kwa sauti. Hamsini na saba zilikuwa sawa. Tatu zilikuwa zimezidi. Hakuna hata moja iliyopungua.

"Za nani?" aliuliza Mzee Nassor.

Madam Rania aliitazama orodha muda mrefu kuliko orodha ile ilivyohitaji.

"Za kwako, Mzee," alisema. Aliitamka 'Mzee' kwa Kiswahili, ingawa mengine yote aliyasema kwa Kiingereza.

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

Alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Alikiangalia kila kimoja cha vikombe vile vitatu, akakiinua usawa wa jicho, kwa udadisi, kama anavyoangaliwa mdudu ambaye hukujua yupo chumbani. Kisha akavimwaga kwenye kopo la baruti ya kuteketezwa.

"Alhamdulillahi," alisema. "Sasa najua. Madam, kupima atapima Gervasi. Maganda nitayatenga mimi. Kazi hiyo haihitaji mkono uliotulia, inahitaji mtu asiyechagua kama mnunuzi wa nyanya, na hapa hakuna mwingine."

Madam akamwuliza kama hiyo ni kazi ya kutosha ya mtu mmoja, kwa ajili ya karatasi za kibali. Alimwuliza akiniangalia mimi.

"Inatosha, madam," nilisema. "Mimi ilinichukua siku tatu kwa ndoo moja."

Siku iliyofuata nilipoingia nilimkuta amekaa kwenye kiti cha pili, ndoo miguuni, kanzu imepigwa pasi. Kiti chake mbele ya mizani kilikuwa wazi. Nilimwamkia, akaitikia. Nilisimama pale muda, nikijifanya natafuta tochi.

"Kaa, mwanangu," alisema bila kuinua uso. "Ac itawaka sasa hivi, na hiyo mizani hujaifunika."